Waliniambia Harry na Lloyd ni Ndugu

Kwa karibu miaka kumi niliamini kwamba Harry Dunne na Lloyd Christmas walitoka tumbo moja. Niliambiwa hivyo na mtu niliyemheshimu sana: kijana wa maiki kwenye kibanda cha video karibu na steji ya matatu, Nakuru, aliyekuwa akitafsiri filamu kwa mtindo wa DJ Afro na kuongeza chumvi pale Wazungu waliposahau kutia. Nilikuwa na miaka saba. Kaka yangu alikuwa na kumi na miwili, na ndiye aliyelipa kiingilio, kwa pesa ambayo mama alidhani imenunua maziwa.

Filamu ilikuwa Dumb and Dumber. Kijana wa maiki alituambia kwamba Lloyd, yule mwenye jino lililomeguka, ni kifungua mimba, na Harry, mwenye nywele kama kondoo aliyenyeshewa, ni kitinda mimba. Mama yao amekufa, akasema, amewaachia nyumba na ndege mmoja. Sasa wanaenda mbali kabisa, kule juu kwenye theluji, kumrudishia binti wa mheshimiwa mkoba wake. Tulikubali yote. Mbona tusikubali? Walipigana kama sisi, walilala chumba kimoja kama sisi, na hawakuwa na chakula siku ambazo hata sisi hatukuwa nacho.

Nilipofika mwaka wa kwanza chuoni nikaitazama kwa Kiingereza chake, hosteli, kwenye laptop ya jamaa wa chumba cha pili. Kumbe ni marafiki tu wanaokaa keja moja. Nilihisi kama nimeibiwa kitu.

Tangu hapo nimeitazama labda mara kumi na tano, na nimefika mahali pa kusema hivi: yule kijana alikosea kwenye cheti cha kuzaliwa, lakini filamu yenyewe aliisoma sawasawa. Hii ni hadithi ya ndugu. Hata walioitengeneza ni ndugu. Peter Farrelly ndiye aliyeielekeza, na mdogo wake Bobby aliandika naye, vijana waliokulia Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote Marekani, ambako ndiko Harry na Lloyd wanaanzia safari yao. Mtu anayeandika na ndugu yake anajua vitu fulani ambavyo rafiki hawezi kukufundisha. Anajua, kwa mfano, jinsi ya kumkasirikia mtu ambaye huwezi kumwacha njiani.

Kwa wale ambao hawajaiona, na siwahukumu, hii ndiyo stori. Lloyd, kwa uso wa Jim Carrey, ni dereva wa limuzini. Anampeleka uwanja wa ndege mwanamke anayeitwa Mary Swanson, anampenda kabla hawajafika, halafu anamwona akiacha mkoba ndani ya jengo. Mkoba haukusahaulika. Una pesa za kumkomboa mume wa Mary aliyetekwa nyara, na umeachwa pale makusudi uchukuliwe na watekaji. Lloyd anauwahi. Amefukuzwa kazi, Harry naye amefukuzwa kazi, kodi haijalipwa, kwa hiyo wanapanda gari la Harry, lile lililofunikwa manyoya likafanana na mbwa, na kuanza kuvuka Marekani wakati wa baridi kwenda Aspen, Colorado, kumrudishia Mary mali yake. Hawajui ndani mna nini.

Watu wengi wanakumbuka choo, na ile sauti Lloyd anayopiga kwenye gari. Mimi nakumbuka dirisha. Mapema kabisa, kabla safari haijaanza, Lloyd anasimama kwenye chumba chao na kusema amechoka kuishi hivi, kuhangaika kila siku bila kuwa mtu wa maana kwa yeyote. Carrey hachekeshi pale. Sura yake inatulia ghafla, na kwa muda mfupi unamwona mtu mzima asiye na kitu. Kisha utani unarudi. Lakini umeshaona, na huwezi tena kusahau kwamba upumbavu wote unaofuata unatoka kwenye msoto. (Carrey alilipwa dola milioni 7 kucheza mtu asiye na hela ya kula. Mwaka huohuo wa 1994 alikuwa ametoa Ace Ventura na The Mask. Sina neno, ni hesabu tu inayonifanya nitabasamu.)

Sasa nieleze kwa nini kuna mara moja niliitazama vibaya.

Januari 2023 nilikuwa Colorado. Kaka yangu anaishi Aurora, mji ulioshikana na Denver, anafanya kazi usiku kwenye ghala la mizigo. Alikuwa amenilipia tiketi kama zawadi ya kukaribia kumaliza chuo. Viza nilikuwa nimeipata mwaka mmoja kabla, nikiwa bado mwanafunzi kweli. Kufikia Januari hiyo sikuwa mwanafunzi. Niliacha chuo Oktoba, mwaka wa tatu, baada ya wiki sita za kutoenda darasani na kuandika makala za watu wengine usiku kucha kwa malipo ya aibu. Karo ya Septemba, elfu 68, ilikuwa imetoka kwa kaka yangu. Nilinunua laptop na kulipa nyumba miezi mitatu. Sikumwambia. Nikapanda ndege na siri hiyo kama mtu aliyebeba sufuria ya mafuta moto, mikono yote miwili, bila mahali pa kuiweka.

Usiku wa kwanza alitoa filamu. “Unaikumbuka hii? Ile ya maziwa.” Tukaitazama kwenye kochi lake, yeye akitafsiri kwa sauti ya kijana wa maiki, mimi nikicheka pale panapostahili. Ikafika ile sehemu ya vikaratasi.

Nieleze vikaratasi, kwa sababu ndivyo moyo wa filamu. Wakifika Aspen mkoba unafunguka kwa bahati na wanaona pesa. Wanakula bata: chumba cha kifahari hotelini, suti moja ya rangi ya chungwa na nyingine ya samawati, Lamborghini. Lakini kila wanachotumia wanakiandika kwenye karatasi na kurudisha karatasi ndani ya mkoba. Mtekaji akija kuchukua pesa zake anakuta mkoba umejaa ahadi. Lloyd anamweleza kwa utulivu kabisa kwamba hakuna kilichopotea, hesabu yote ipo, na ile karatasi ya gari, ya dola 275,000, ni bora aitunze vizuri.

Marekani watu wanacheka kwa sababu hawa wawili hawajui tofauti ya karatasi na pesa. Kibandani Nakuru tulicheka kicheko kingine. Kijana wa maiki aliziita “daftari ya duka”, na watu wazima kwenye mabenchi ya nyuma waliangua kicheko cha kujijua, maana hakuna aliyekuwa pale ambaye jina lake halikuwa kwenye daftari ya duka fulani. Kwa tafsiri hiyo Harry na Lloyd waliacha kuwa wajinga. Wakawa wateja wa mkopo. Na ukiitazama filamu kwa jicho hilo unagundua jambo: hao ndio watu pekee kwenye hadithi nzima wanaonuia kulipa. Mtekaji anaiba. Matajiri wa Aspen wanasaini hundi kwa sherehe ya kuhifadhi wanyama, wakiwa wamevaa manyoya. Wapumbavu wawili wanaandika deni lao hadi senti ya mwisho.

Kwenye simu yangu wakati huo kulikuwa na noti yenye kichwa “KAKA”. Ndani yake nilikuwa nimeandika 68,000 na alama ya kuuliza. Nilikaa kwenye kochi lile nikijua kwamba Lloyd Christmas ni mwaminifu kuliko mimi.

Jumapili yake kaka akaamua lazima twende tukateleze. “Hatuwezi kuwa Colorado halafu tukose theluji kama Harry.” Aspen ilikuwa mbali, karibu kilomita 320 kutoka Denver kwa njia ya msimu wa baridi, na bei ya huko haikutuhusu. Tukachagua Breckenridge, kama kilomita 130. Na hapa kuna kitu kitamu kwa mpenzi wa filamu: mitaa ya Aspen unayoiona kwenye Dumb and Dumber ilipigwa Breckenridge. Hoteli ya kifahari ni Stanley, iliyoko Estes Park, ileile iliyompa Stephen King wazo la The Shining. Kwa hiyo Aspen ya Harry na Lloyd ni Aspen ya kuazima, iliyounganishwa vipandevipande. Tulikuwa tunaenda mahali pa kweli pa uongo. Ilinifaa.

Kuhusu ubao wa theluji pia kuna historia ndogo inayochekesha. Breckenridge ilianza kuruhusu watu wa mbao mwaka 1984, mapema kuliko milima mingine mikubwa ya Colorado. Aspen Mountain, ule unaosimama juu kabisa ya mji, uliwakataa mpaka Aprili 2001. Mbao zilikuwa za vijana wenye suruali kubwa na kelele nyingi, na wateja wa zamani wenye skii zao mbili za heshima hawakuwataka mlimani. Yaani filamu ilipotoka, kama Harry na Lloyd wangefika pale na ubao kwapani, wangerudishwa getini. Filamu haisemi hivyo popote. Lakini mtu akijua, kila tukio la Aspen linapata harufu nyingine, harufu ya mahali ambapo mavazi yako yanakaguliwa kabla hujafungua mdomo.

Gari la kaka lilikuwa Corolla ya 2009. Kwenye barabara ya I-70, kuanzia Septemba hadi Mei, ukivuka Morrison kuelekea milimani sheria inataka gari kama hilo liwe na matairi yenye meno ya kutosha na yanayofaa theluji, la sivyo ubebe minyororo ya kuyafunga. Meno ya matairi yetu yalikuwa mpakani. Kaka alikuwa amenunua minyororo ya mtumba kwa mtu wa ghalani. Hakuijaribu. Kumbuka hilo.

Kabla ya Idaho Springs lori likatumwagia tope la theluji na dawa ya barabarani, kioo cha mbele kikawa kijivu. Kaka akabonyeza waipa. Hakuna. Alikuwa ameweka maji ya bomba kwenye tangi lake, kama tunavyofanya nyumbani, na maji ya bomba yalikuwa yamekuwa jiwe. Tukasimama pembeni nikatoka na chupa ya maji ya kunywa, nikakimwagia kioo. Unajua kilichotokea. Sasa tulikuwa na kioo cha kijivu chenye ganda la barafu juu yake. Tulikikwangua kwa kadi yangu ya kitambulisho cha chuo. Kaka ndiye aliyeichukua kwenye pochi yangu, akaangalia picha, akacheka, “Hii itakuwa imefanya kazi moja ya maana.” Mimi nikacheka pia. Tarehe ya mwisho kwenye kadi ilikuwa imepita na hakuiona.

Kwenye handaki la Eisenhower, karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, pua yangu ikaanza kutoka damu. Kwenye barabara inayoingia Breckenridge, kwenye kona ambayo hata si kali, Corolla ikaacha kutusikiliza. Haikuwa ajali ya sinema. Ilikuwa polepole sana, kama mtu anayekaa chini kwa sababu amechoka, tukaingia kwenye tuta la theluji mpaka taa. Minyororo ikatolewa. Ilikuwa ya gari kubwa, ikaning'inia kwenye tairi kama mkufu wa mama kwenye shingo ya mtoto. Bredauni ilikuja baada ya saa moja na nusu. Dola 250, kabla hatujaona ubao hata mmoja.

Hapa ndipo ninapoanza kugombana na filamu. Katika vichekesho vya safari, hasara ni ya bure. Lloyd anashika usukani usiku Harry akiwa amelala, anakosea njia, na anaendesha hadi asubuhi kurudi alikotoka. Harry anaamka anatafuta milima, anaona Nebraska, tambarare kama chapati. Anashuka. Anasema anarudi nyumbani, na anaanza kutembea. Ndilo tukio bora la filamu kwangu, kwa sababu kwa mara ya kwanza mmoja wao amefanya hesabu. Pesa zimeisha, mafuta hayatoshi, ndoto ni ya mwenzake. Jeff Daniels anatembea kama mtu ambaye kweli hana pa kwenda. Kisha Lloyd anamfikia akiwa juu ya kipikipiki cha mtoto. Amebadilisha gari zima kwa kipikipiki hicho, moja kwa moja. Na Harry, badala ya kumnyonga, anafurahi: baada ya ujinga wote huo, mwenzake amejiokoa. Wanapanda wawili na kukata mbuga.

Nikiwa mtoto nililia kwa kucheka. Sasa naona filamu imelikimbia swali lake. Gari lilikuwa la Harry, na lilikuwa kazi yake. Hakuna anayelitaja tena. Msoto umetumika kuwafanya watupendeze, halafu gharama yake imefutwa pale ambapo ingetuuma. Nikisimama kando ya barabara ile nikamwona kaka yangu akihesabu noti za dola mbele ya mtu wa bredauni, akizigeuza zote ziangalie upande mmoja kama anavyofanya siku zote, nilijua hakuna kipikipiki kitakachokuja.

Na hayo si makosa yake pekee. Kuna kipofu mdogo anayeuziwa ndege aliyekufa, na leo siwezi kucheka pale, nimejaribu. Mary hana maisha yoyote nje ya kupendwa na kutekewa watu. Ule mwendelezo wa 2014 siutaki kabisa: unaanza kwa kutuambia kwamba Lloyd alijifanya mgonjwa kwa miaka 20 kama utani, Harry akimtembelea muda wote huo. Mtu aliyeandika hivyo alikuwa ameshasahau ni nini kilichofanya wawili hawa wavumilike.

Tulifika saa nane mchana. Kukodisha mbao na viatu, na tiketi za mlima, sitaandika bei, ipo kwenye noti. Kuteleza kwa ubao kunaanza na kukaa chini. Miguu yote miwili imefungwa kwenye ubao mmoja, umesimama ubavu, na ili usimame unapaswa kugeuza ubao uukate mteremko, ukiegemea kingo moja, ya visigino au ya vidole. Ukiegemea kingo isiyo sahihi, mlima unakunyang'anya miguu. Hakuna onyo. Nilianguka kwa mgongo, kwa makalio, kwa kifua, na mara moja kwa kifundo cha mkono ambacho mpaka leo kinaniambia mvua inakuja. Kuna mkanda unaosogea kama wa kaunta ya supamaketi, unaowapandisha wanaojifunza. Nilipandishwa pamoja na watoto wa miaka mitano. Mmoja aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko poa.

Kaka alikuwa mbaya kuliko mimi na hakujali. Alishuka akipiga kelele zile za kijana wa maiki, akaanguka, akakaa palepale akicheka mpaka mtu wa usalama akaja kumtazama. Wakati fulani tuliketi pembeni na nikaona amevua glavu na kuweka vidole kwapani. Zake zilikuwa zile nyembamba za ghalani, zenye mpira viganjani. Nene, mpya, alikuwa amenipa mimi asubuhi akisema ana nyingine kama hizo.

Ukiwa umeiona filamu unajua kwa nini nilipigwa na hilo. Wakifika Aspen wameganda, Harry analalamika mikono inakufa, na Lloyd anamwambia basi chukua hizi za ziada, mikono yangu imeanza kutoka jasho. Alikuwa na jozi mbili safari nzima. Harry anamrukia, wanapigana, na ni katika ugomvi huo ndipo mkoba unapofunguka. Pesa zote za filamu zinatoka kwenye ugomvi wa glavu. Ndiyo maana nasema ni ndugu. Rafiki angekuambia mapema ana glavu mbili. Ndugu ndiye anayeweza kukaa na kitu chako karibu kiasi hicho, bila ubaya wowote, kwa sababu hajawahi kufikiria mnaishia wapi na yeye anaanzia wapi.

Kwetu ilikuwa kinyume. Mwenye kitu kilichofichwa nilikuwa mimi.

Na kuna jambo lingine, nililoliona pale pale chini ya mlima, nikiwa na theluji mgongoni. Katika filamu, siku ya theluji ndiyo siku ya uongo. Tunaikumbuka kama siku ya raha: Harry na Mary wanarushiana theluji, Harry analamba chuma cha kiti cha kupandia mlima na ulimi unanata. Tunasahau kwamba wakati huohuo Lloyd ameketi baa tangu asubuhi akimsubiri Mary, kwa sababu Harry alimdanganya. Raha yote ile imelipiwa na mtu anayengoja. Farrelly anaikata kwa haraka, utani juu ya utani, lakini ameiweka pale. Nadhani alijua. Ukiwa na ndugu unajua jinsi siku nzuri inavyoweza kuwa ndefu ukiwa na jambo ambalo hujasema.

Tulirudisha mbao jioni. Jumapili, saa za kurudi, I-70 kuelekea Denver ni Thika Road ya zamani yenye theluji. Kabla ya handaki tukasimama kabisa, taa nyekundu mpaka zinapotelea kwenye kona ya mlima. Dakika arobaini. Saa moja. Kaka alikuwa akisimulia jinsi atakavyokuja kwenye mahafali yangu, amezungumza na bosi kuhusu likizo.

Nikamwambia. Nilisema vibaya, kuanzia mwisho, nikataja laptop kabla ya kutaja chuo, kwa hiyo mwanzo alidhani nimeibiwa laptop. Ilibidi nirudie.

“Tangu lini?”

“Oktoba.”

“Na ile ya Septemba?”

Nikamwambia ya Septemba.

Aliweka gari kwenye paki, akafungua mlango, akatoka. Akatembea kando ya mstari wa magari, mbele, kwenye mwanga wa taa za watu, bila jaketi, maana jaketi lilikuwa kiti cha nyuma. Si kwamba alikuwa akiigiza Harry. Hakuwa akifikiria filamu yoyote. Mimi ndiye niliyeifikiria, na nikajichukia kwa kuifikiria, na nikaendelea. Magari ya mbele yakasogea kama mita ishirini. Wa nyuma akapiga honi. Sijui kuendesha gari. Nilikaa pale nikiwa nimeshika jaketi lake, na honi zikaongezeka, mpaka akarudi akikimbia, meno yakigongana, akaingia, akasogeza gari.

“Usidhani nimekusamehe,” akasema. “Ni baridi.”

Baada ya handaki akaniambia nitoe kalamu. Risiti ya kukodi mbao ilikuwa ndefu, nikaandika nyuma yake alivyokuwa akitaja, yeye macho barabarani: karo za miaka mitatu, moja moja, kila muhula, alizijua zote bila kukosea. Tiketi ya ndege. Bredauni. Mlima. Glavu. Hakusahau glavu. Alinifanya nijumlishe mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilikosea kwa kupunguza. Kisha akasema niiweke pochini, palepale penye kile kitambulisho.

Ndiyo maana usiku huo, aliponiwekea tena filamu akiwa hazungumzi nami, niliitazama vibaya. Ilipofika kwa vikaratasi hakuna aliyecheka. Aliinuka akaenda kuchemsha chai, akaniletea kikombe, akakaa upande wa pili wa kochi.

Risiti ninayo. Wino wa upande wa mashine umefifia, wangu bado upo. Nimelipa sehemu ndogo, kwa M-Pesa anayopokea mama, kila makala inapolipwa. Wiki iliyopita alinipigia saa tisa usiku, mapumziko ya ghalani, nikadhani kuna msiba. Alikuwa ameikumbuka ile minyororo. Alisema nikate zile dola 250 za bredauni, maana minyororo aliinunua yeye na hakuipima. Nikamwambia ya tangi la waipa je? Akafikiria kidogo.

“Hiyo tugawane.”